Mtu amekufa kwa risasi na ripoti ya upasuaji iko mkononi: jinsi ya kuisoma hatua kwa hatua

Swali hili hunijia kila mara, maneno yakibadilika kidogo tu: "Ripoti tumepewa. Imeandikwa amekufa kwa kutokwa na damu nyingi kutokana na jeraha la risasi. Sasa?" Nikiuliza kurasa za nyuma zinasema nini, kimya. Watu husoma mstari wa mwisho, huupiga picha, huutuma kwenye WhatsApp ya familia, basi. Kuwa ndugu yao amekufa kwa risasi walikwisha kulijua tangu siku ya kwanza. Wasilolijua ni kama alipigwa kwa karibu au kwa mbali, mbele au mgongoni, mara moja au mara tatu, na hayo yote yamo katika kurasa ambazo hawakuzigusa.

Mwongozo huu ni wa ndugu wa marehemu, wasaidizi wa kisheria, mawakili chipukizi na waandishi wa habari, hasa hapa Kenya. Hautakufanya daktari. Utakufanya mtu anayejua amuulize daktari nini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nakala nzima ya ripoti, yaani fomu ya polisi 23A pamoja na karatasi yenye mchoro wa mwili. Familia nyingi hupewa fomu bila mchoro. Udai.
- Picha zilizopigwa wakati wa upasuaji, na filamu za eksirei kama zilipigwa.
- Faili ya hospitali, ikiwa marehemu alifikishwa hospitalini akiwa hai.
- Nguo alizokuwa amevaa, au angalau jina la anayezishikilia.
- Nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi.
- Karatasi mbili zenye umbo la mtu, moja mbele na moja nyuma. Ukichora kwa mkono inatosha.
- Kalamu nyekundu, ya buluu na ya risasi, na utepe wa kupimia wa fundi cherehani.

Jambo moja kuhusu picha: mama au mjane asiwe ndiye wa kuzitazama. Tafuteni mtu mmoja wa ukoo mwenye moyo mgumu, akae na wakili. Nimeona kikao kizima kikivunjika kwa sababu simu ilipitishwa mkono kwa mkono.

## Hatua ya 1: Hakikisha ripoti ni ya mwili huo

Soma jina, tarehe, mochwari, waliomtambua marehemu na waliohudhuria upasuaji. Je, kulikuwa na daktari aliyeletwa na familia? Shirika la IMLU, linalotoa msaada wa kitabibu na wa kisheria kwa waathiriwa wa mateso, limekuwa likipeleka madaktari wake kwenye upasuaji wa namna hii kwa miaka mingi, kwa hiyo ombi hilo si la ajabu kwa mochwari yoyote.

Tazama pia kama imeandikwa mwili ulioshwa au ulivuliwa nguo kabla ya daktari kuuona. Utajua baadaye kwa nini.

## Hatua ya 2: Chora matundu yote

Chukua karatasi zako mbili. Kwa kila jeraha lililotajwa, weka alama mahali pake. Nyekundu ni tundu la kuingilia, buluu ni la kutokea, kalamu ya risasi ni la kile ambacho ripoti haikusema.

Kwa nini uchore? Kwa sababu maneno hudanganya jicho. "Jeraha kwenye bega la kulia" laweza kuwa mbele, nyuma au juu. Daktari makini hupima kila tundu kwa njia mbili, urefu kutoka kisigino au utosini, na umbali kutoka mstari wa katikati ya mwili. Kisha huandika ukubwa wake kwa milimita, umbo lake na kingo zake zilivyo.

Tahadhari: usikisie kipenyo cha risasi kutokana na upana wa tundu. Ngozi hunyumbuka kisha hujikunja, kwa hiyo risasi ya milimita 9 yaweza kuacha tundu dogo kuliko yenyewe.

Utajua umefaulu ukiwa na mchoro ambao mtu asiyesoma ripoti anaweza kuutazama akakuonyesha kwenye mwili wake mwenyewe kila tundu lilipo. Ukishindwa kuweka alama kwa sababu ripoti imesema tu "jeraha la risasi kifuani", basi umepata kasoro yako ya kwanza. Iandike.

## Hatua ya 3: Piga hesabu

Hapa ndipo wengi huteleza. Idadi ya matundu si idadi ya risasi.

Kanuni ni hii: kila tundu la kuingilia lazima liwe na mwenzake, ama tundu la kutokea ama risasi iliyopatikana ndani ya mwili. Isipolingana, kuna kitu hakikutafutwa.

Chukua mfano. Mtu ana matundu matano: mawili kwenye mkono wa kushoto, moja ubavuni kushoto, moja mgongoni, moja pajani. Mtaani itasemwa alimiminiwa risasi tano. Lakini mkono ukiwa umening'inia kando ya mwili, risasi moja hupita mkononi ikatoka, ikaingia ubavuni, ikatokea mgongoni. Matundu manne, risasi moja. La pajani halina mwenzake, kwa hiyo ile ni risasi ya pili na lazima iwe imo ndani. Jumla ni risasi mbili. Ukienda mahakamani na "tano", wakili wa upande wa pili atakuangusha kwa swali moja, na baada ya hapo hata ukweli wako hautasikilizwa.

Ndiyo maana eksirei hupigwa kabla ya kisu, tena mwili mzima. Risasi hugonga mfupa ikageuza njia. Nyingine huvunjika vipande. Mara chache huingia kwenye mshipa mkubwa wa damu ikasombwa mpaka mguuni, na daktari anayepekua kifua peke yake hataiona abadani. Kwa bunduki za kuwindia zenye mwendo mkubwa, filamu huonyesha vumbi la chembe nyeupe za risasi zilizotawanyika njiani. Picha hiyo peke yake humwambia mtaalamu kuwa hii haikuwa bastola.

Ikiwa ripoti haitaji eksirei kabisa na kuna tundu lisilo na mwenzake, hilo ndilo swali lako la kwanza kwa daktari, na uliulize kabla ya mazishi.

## Hatua ya 4: Kuingilia au kutokea?

Imani iliyoenea ni kwamba tundu dogo ni la kuingilia na kubwa ni la kutokea. Mara nyingi ndivyo, lakini si kanuni.

Kinachotazamwa kwanza ni kingo. Risasi inapoingia huisukuma ngozi ndani na kuichubua pembeni, ikaacha pete ya mchubuko kuzunguka tundu. Pete ikiwa sawa pande zote, risasi iliingia moja kwa moja, bila mshazari. Ikiwa pana upande mmoja, iliingia kwa mshazari kutoka upande huo. Tundu la kutokea kwa kawaida halina pete. Huwa limechanika ovyo, mfano wa nyota au mpasuo.

Kuna mtego mmoja. Mtu akiwa ameegemea ukuta, amelala sakafuni au amevaa mshipi mgumu, risasi inapotoka huibana ngozi dhidi ya kile kitu, na tundu la kutokea likapata mchubuko kama la kuingilia. Ukiona pete kwenye matundu yote mawili, usiseme alipigwa mara mbili. Jiulize kama alikuwa amebanwa na kitu. Kwa mtu ambaye mashahidi wanasema alilazwa kifudifudi, huo mchubuko wa kutokea ni ushahidi mkubwa.

Fuvu ni rafiki mkweli zaidi kuliko ngozi. Mfupa wa fuvu una tabaka mbili. Risasi ikiingia, tundu huwa dogo nje na hupanuka ndani kama faneli. Ikitoka, faneli hugeuka, upana ukawa nje. Nyufa nazo husema: ufa wa risasi ya pili hukoma ukikutana na ufa wa kwanza, na hivyo hujulikana ipi ilitangulia.

Na usitegemee maneno ya daktari wa dharura. Si kwamba ni mzembe, kazi yake ni kuokoa maisha, hana muda wa kupima kingo. Rais John F. Kennedy alipopigwa risasi mjini Dallas mnamo 22 Novemba 1963, madaktari wa hospitali ya Parkland walipasua koo lake kumwekea njia ya hewa, na mpasuo huo ukapita palepale penye tundu la risasi. Madaktari wa upasuaji wa maiti kule Bethesda, karibu na Washington, usiku ule hawakutambua kuwa kulikuwa na tundu la risasi shingoni, mpaka walipozungumza na Dallas kwa simu. Ubishi uliozaliwa hapo haujaisha hadi leo. Ndiyo sababu nimetaja faili ya hospitali: bomba lililowekwa kifuani huacha tundu, na ripoti isiyolitofautisha na tundu la risasi itavuruga hesabu ya hatua ya 3.

## Hatua ya 5: Soma umbali

Bunduki haitoi risasi tu. Hutoa moto, moshi, masizi, na chembe za baruti ambazo hazijaungua. Kila kimoja hufika umbali wake, na ngozi huhifadhi kumbukumbu.

Mtutu ukigusa ngozi, masizi huingia ndani ya jeraha. Penye mfupa karibu, kama kichwani, gesi hukosa pa kwenda ikaichana ngozi kwa umbo la nyota. Wakati mwingine alama ya mdomo wa mtutu hubaki imechapwa kwenye ngozi. Hapa tundu la kuingilia laweza kuwa kubwa kuliko la kutokea, kinyume cha imani niliyoitaja.

Kwa karibu, kwa bastola nyingi ndani ya sentimita 30 hivi, kuna masizi kuzunguka tundu. Masizi hufutika kwa maji. Sasa umeelewa kwa nini nilikuuliza kama mwili ulioshwa.

Kwa umbali wa kati, mpaka karibu mita moja, masizi hayapo lakini chembe za baruti zimetoboa ngozi na kuacha vidoadoa vyekundu au vya kahawia. Hivi havifutiki. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kwa shida, hivyo daktari anahitaji mwanga mzuri na lenzi. Ripoti ikisema "hakuna vidoadoa", ni halali kuuliza alitazama kwa kutumia nini.

Zaidi ya hapo, hubaki tundu na pete ya mchubuko tu. Mita mbili na mita mia mbili hufanana. Ripoti haiwezi kukwambia zaidi ya "mbali", na daktari anayekwambia "mita kumi na tano" kwa kutazama ngozi anakisia.

Tahadhari ya kwanza: nguo huchuja. Masizi na chembe zikinaswa na shati au jaketi, ngozi itaonekana kama mtu alipigwa kwa mbali. Ripoti inayosema "risasi ya mbali" bila kutaja kama nguo zilichunguzwa ina pengo. Nimeona nguo zikirudishwa kwa familia ndani ya mfuko wa plastiki, zimelowa damu, zimeota ukungu. Nguo hukaushwa kivulini, huwekwa kwenye karatasi, kila vazi peke yake, na hazikatwi penye tundu. Usizifue. Najua inauma kuziona, lakini usizifue.

Tahadhari ya pili: risasi yoyote, hata ya mbali, hujifuta uchafu wa mtutu kwenye kingo za tundu inapopita. Pete hiyo nyembamba nyeusi si masizi ya karibu. Wanaharakati kadhaa wamewahi kuitangaza kuwa ushahidi wa mauaji ya karibu na kisha kuumbuliwa.

Tarakimu nilizotoa ni za jumla. Umbali halisi hupatikana kwa kufyatua silaha ileile na risasi za aina ileile kwenye kitambaa na kulinganisha, na hiyo ni kazi ya maabara ya balistiki.

Bunduki ya marisau, yaani inayorusha vipira vidogo vingi kwa mpigo mmoja, ina hesabu yake. Kwa karibu sana marisau yote huingia pamoja, tundu moja kubwa. Kadiri umbali unavyozidi, kingo huwa na meno, kisha huanza matundu madogo pembeni, mwishowe mwili mzima wenye vitundu. Upana wa mtawanyiko upimwe, usielezwe kwa maneno tu.

Risasi za mpira na makopo ya gesi ya machozi hayatoboi daima, ila kichwani au kifuani kwa karibu huua. Jeraha ni mchubuko wa duara juu, na mfupa uliovunjika chini yake.

## Hatua ya 6: Fuata njia ya risasi

Unganisha nyekundu na buluu. Ripoti nzuri husema mielekeo mitatu: mbele au nyuma, kulia au kushoto, juu au chini. Kulia na kushoto ni kwa marehemu, si kwa wewe unayetazama mchoro.

Njia hupimwa kana kwamba mtu amesimama wima, mikono chini, viganja mbele. Watu hawafi wakiwa wamesimama hivyo. "Kutoka juu kwenda chini" si lazima iwe na maana kwamba mfyatuaji alikuwa ghorofani. Huenda marehemu alikuwa ameinama, amepiga magoti au anakimbia. Ripoti hukupa uhusiano kati ya mtutu na mwili, nao mashahidi hukupa mwili ulikuwa umekaaje. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Tundu la kuingilia likiwa mgongoni na maelezo ya polisi yakisema "alitushambulia", usipige kelele mapema. Mtu huweza kugeuka katika muda mfupi kuliko kufumba jicho. Lakini matundu matatu ya kuingilia mgongoni, yakifuata mwelekeo mmoja, hayana maelezo mepesi.

## Hatua ya 7: Tenganisha kilichomuua na namna alivyouawa

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

*Chanzo cha kifo* ni jeraha lenyewe: risasi ya kifua iliyotoboa pafu na mshipa mkuu. *Namna mwili ulivyozimika* ni kutokwa na damu, ubongo kuharibika au sumu ya usaha kuenea katika damu. *Aina ya kifo* ni kuuawa na mtu mwingine, kujiua, ajali au kutojulikana.

Ripoti inayosema tu "moyo na mapafu vilisimama" haijasema kitu. Vya kila mfu husimama.

Tafuta ujazo wa damu. Mtu mzima ana takriban lita 5. Ripoti ikisema lita 2 zilikutwa kifuani, umepata chanzo kinachoeleweka. Ikisema "damu nyingi", uliza ngapi. Tazama pia silaha ya aina gani: risasi ya AK-47 hutoka kwa mwendo wa takriban mita 700 kwa sekunde, ya bastola 250 hadi 400. Ndiyo maana ya kwanza hupasua ini vipandevipande, na ya pili mara nyingi hutoboa tu. Pafu hunyumbuka, huvumilia kidogo. Ini na ubongo havina hisani hiyo.

Je, angeweza kutembea baada ya kupigwa? Ndiyo, hata kwa moyo uliotobolewa. Ubongo una oksijeni ya sekunde 10 hadi 15 hata moyo ukisimama, na mtu hukimbia mbali kwa muda huo. Kwa hiyo mahali mwili ulipoangukia si lazima pawe mahali alipopigwa.

Na kama alikaa hospitalini wiki tatu akafa kwa maambukizi tumboni, chanzo bado ni risasi. Nimekutana na ripoti iliyoandika maambukizi peke yake, na jalada la mauaji likataka kufungwa kwa sababu hiyo.

Aina ya kifo ndiyo yenye ubishi, na upasuaji peke yake mara nyingi hauimalizi. Mwili wa Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, ulipopatikana karibu na kilima cha Got Alila mnamo Februari 1990, ulikuwa na risasi kichwani na umechomwa moto, na mwanzoni ilidaiwa alijiua. Timu ya John Troon, mpelelezi wa polisi ya London (Scotland Yard), ilihitimisha kuwa aliuawa. Kwa kesi kama hiyo swali la kuuliza ripoti ni moja: je, kulikuwa na masizi ndani ya koo na njia ya hewa? Yakiwepo, alikuwa akipumua moto ulipowaka. Yasipokuwepo, kuna uwezekano mkubwa kwamba moto ulimkuta amekwisha kufa.

## Hatua ya 8: Fuatilia risasi iliyotolewa

Ripoti iseme ilitolewa wapi, nani aliipokea, saa ngapi, na imewekwa alama gani. Hutolewa kwa vidole au kifaa kisicho na meno ya chuma, kwa sababu mikwaruzo ya ubavuni mwake ndiyo alama ya mtutu ulioifyatua. Alama ya daktari huwekwa kitakoni, si ubavuni. Huoshwa, hukaushwa, hutiwa kwenye bahasha yenye sahihi.

Jina la afisa aliyepokea likikosekana, umepata tundu ambalo hakuna kalamu ya rangi inayolifaa.

## Hatua ya 9: Andika maswali, peleka

Kwa sasa una mchoro, hesabu na orodha ya mapengo. Viweke kwenye barua ya ukurasa mmoja, maswali yasizidi saba, kila moja likitaja ukurasa wa ripoti. Usiandike hitimisho. Andika "tundu namba 4 halina la kutokea wala risasi iliyopatikana, je, eksirei ya mguu ilipigwa?" Daktari hujibu swali la namna hiyo. Hajibu tuhuma.

Ikiwa polisi wanahusishwa na kifo, nakala iende kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011 na yenye jukumu la kuchunguza vifo vya namna hiyo. Ikiwa hakuna aliyeshtakiwa, wakili anaweza kuomba uchunguzi wa hakimu chini ya kifungu cha 387 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai. Ikiwa mapengo ni makubwa na mazishi hayajafanyika, ombeni upasuaji wa pili sasa. Kufukua kunahitaji amri ya mahakama, na udongo hauhifadhi masizi.

Peleka barua kwa mkono, ipigwe mhuri wa kupokelewa, na nakala yenye mhuri ikae kwa mtu mwingine asiye wewe.